Jenerali Stilwell na Askari Wake wa Msituni Burma

Katika vyuo vya uofisa vijana hufundishwa kwamba kiongozi mwema ni yule alaye chakula walacho askari wake, alalaye walalapo, na atembeaye kwa miguu watembeapo wao kwa miguu. Nasi tulifundishwa hivyo, na hatuna sababu ya kulikanusha fundisho hilo. Lakini maisha ya Jenerali Joseph Stilwell wa Marekani yanatuonyesha kuwa hiyo ni nusu tu ya kazi ya uongozi. Ndiyo maana leo tumependa kuwasimulia ndugu zetu askari na polisi habari za mtu huyu, pamoja na habari za wale waliomfuata msituni.

Stilwell alizaliwa tarehe 19 Machi 1883 huko Palatka, katika jimbo la Florida. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1904, akapelekwa Ufilipino, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika Ufaransa kama ofisa wa upelelezi. Baada ya vita hiyo alikwenda China kujifunza lugha, akaishi huko miaka mingi kwa vipindi mbalimbali, hata akawa miongoni mwa maofisa wachache wa Marekani waliozungumza Kichina na kumfahamu askari wa China.

Alikuwa mtu mwembamba, mkali wa macho na wa maneno. Alipokuwa mwalimu katika shule ya askari wa miguu ya Fort Benning, mwanafunzi mmoja alichora picha ya mzaha ikimwonyesha akichomoza ndani ya chupa ya siki. Stilwell hakukasirika, aliipenda picha ile, na jina la Joe wa Siki likamganda mpaka kufa.

Mwanzoni mwa mwaka 1942 alitumwa kuyaongoza majeshi ya Marekani katika China, Burma na India. Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar, ilikuwa tayari imevamiwa na Wajapani. Mji mkuu wa Rangoon ulianguka mwezi Machi, na majeshi ya Uingereza na China yakaanza kurudi nyuma. Mwezi Mei ndege ilitumwa imchukue Stilwell. Alikataa kupanda, akawapakia baadhi ya maofisa wake, kisha yeye akabaki na kundi la watu wapatao 114: Wamarekani, Waingereza, Wachina, wapishi, na wauguzi wasichana wa Kiburma. Magari yalipokwama waliyatupa, wakaingia msituni kwa miguu.

Jenerali alikuwa na umri wa miaka 59. Alitangulia mbele na bunduki yake, akipima mwendo wa hatua 105 kwa dakika. Chakula chote kiliwekwa pamoja, na hakuna cheo kilichompa mtu mgao mkubwa zaidi. Walishuka mto Uyu kwa maboya ya mianzi, wakauvuka mto Chindwin, wakapanda milima, na tarehe 20 Mei wakafika Imphal nchini India. Hakufa hata mmoja. Alipowakabili waandishi wa habari hakutafuta udhuru; alikiri kwamba walikuwa wameshindwa vibaya, na kwamba iliwapasa kujua sababu, kisha warudi wakaikomboe nchi ile.

Wasomaji wetu wataafiki kuwa huyo alikuwa kiongozi. Basi na tuone yaliyotokea aliporudi.

Mwaka 1944 Stilwell alishambulia Burma ya kaskazini. Nguvu yake kubwa ilikuwa divisheni za Kichina alizozifundisha India, huku nyuma yao wahandisi wakichonga barabara kutoka Ledo. Askari wa Marekani waliojenga barabara ile walikuwa kama 15,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wamarekani weusi. Kwa mapigano ya miguu alipewa kikosi kimoja tu cha Wamarekani, watu wapatao 3,000, wote waliojitolea. Kiongozi wao alikuwa Brigedia Jenerali Frank Merrill. Watu wale walielewa kuwa kazi yao itakuwa ya miezi mitatu hivi, kisha wapumzishwe.

Kazi yao ilikuwa kuzunguka nyuma ya adui na kuikata njia yake. Kila mtu alibeba silaha, risasi, blanketi na chakula mgongoni. Mizinga midogo na redio zilibebwa na nyumbu. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Kilikuwa vifurushi vitatu vidogo kwa siku: kikopo cha nyama au jibini, biskuti, kahawa, sukari na sigara. Mtu anayepanda milima siku nzima hashibi kwa hayo, na baada ya majuma machache mashavu yaliwabonyea. Kila siku walimeza dawa ya malaria iliyowageuza ngozi kuwa ya njano. Ruba waliwanyonya damu, na vidonda vya kuumwa vikaoza. Utitiri wa nyasini uliwaambukiza homa ya taifasi, iliyoua. Maji ya vijito yaliwaletea kuhara damu, hata wengine wakakata suruali zao nyuma ili wasilazimike kusimama njiani kila mara. Tunayataja haya bila haya, kwa kuwa askari yeyote aliyekaa porini anajua kwamba vita ni hivyo siku nyingi kuliko siku za risasi.

Mwishoni mwa Machi batalioni moja ilizingirwa juu ya kilima cha Nhpum Ga. Wajapani walikishika chanzo cha maji, na maji yakadondoshwa na ndege katika mifuko ya plastiki. Mizoga ya nyumbu ilioza ndani ya mahandaki ya ulinzi. Mkalimani mmoja Mmarekani wa asili ya Kijapani alitambaa usiku mpaka karibu na adui, akasikia mipango ya shambulio, akarudi kuwaonya wenzake. Walishikilia mpaka tarehe 9 Aprili, walipofikiwa na wenzao. Kabla ya hapo Merrill mwenyewe alikuwa ameugua moyo akaondolewa, na Kanali Charles Hunter akashika nafasi yake.

Hao ndio walioamriwa kuvuka milima ya Kumon, kwa njia ipitayo juu ya futi 6,000, ili wakateke kiwanja cha ndege cha Myitkyina. Waliahidiwa kuwa wakikiteka wataondolewa. Mvua zilikuwa zimeanza, na nyumbu wengi waliteleza wakapotelea mabondeni. Hata hivyo tarehe 17 Mei walikitwaa kiwanja kile, adui akiwa hana habari. Ulikuwa ushindi mkubwa wa Stilwell.

Lakini mji wenyewe haukuanguka. Adui alikuwa mwenye nguvu kuliko walivyodhani wapelelezi, na ahadi ya kuwaondoa askari haikutimizwa. Mtu hakuruhusiwa kwenda hospitali mpaka awe na homa kali siku tatu mfululizo. Wengine walisinzia kwenye bunduki zao katikati ya mapigano. Kisha madaktari walisukumwa wapunguze idadi ya wagonjwa, na watu ambao hawajapona wakatolewa vitandani wakarudishwa mstari wa mbele. Hata wahandisi wa barabara, ambao hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya mapigano, walipewa bunduki wakaingizwa vitani.

Ni haki tueleze sababu za jenerali. Wachina walikuwa wakifa mbele ya mji ule ule, na brigedi za Uingereza, zikiwa na askari wa Nigeria ndani yake, zilikuwa zimechoka vivyo hivyo msituni. Stilwell aliona hawezi kuwapumzisha Wamarekani wenzake na kuwaambia wengine waendelee. Hoja hiyo ina uzito, na aliyewahi kuongoza askari wa mataifa mbalimbali ataielewa. Lakini uchovu wa kikosi kimoja hautibiwi kwa uchovu wa kingine. Mji ulianguka tarehe 3 Agosti, na kati ya wale 3,000 wa kwanza ni kama 200 tu waliokuwa wamebaki pale. Wengi wao hawakuondolewa na risasi. Waliondolewa na maradhi. Kikosi kilivunjwa tarehe 10 Agosti, askari wake wakiwa na uchungu moyoni juu ya mtu ambaye hapo kwanza wangemfuata popote.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ajabu ya Stilwell ni kwamba hakuwa mwenye shibe. Alikula vikopo vile vile na kulala chini ya mvua ile ile. Kosa lake, kwa maoni yetu, ni kwamba aliufanya mwili wake kuwa kipimo cha miili ya wengine. Kwa kuwa yeye mzee aliweza, aliona kijana asiyeweza ni mvivu. Mwaka 1942 aliwapima watu wake kwa macho kila jioni, nao wakafika wote. Mwaka 1944 aliwapima kwa idadi zilizoandikwa karatasini.

Mwezi Oktoba 1944 aliitwa nyumbani baada ya ugomvi na Chiang Kai-shek, mtawala wa China. Barabara ya Ledo ilipewa jina lake mwaka 1945. Alifariki San Francisco tarehe 12 Oktoba 1946 kwa saratani ya tumbo. Muda mfupi kabla ya kufa alipewa beji ya askari wa miguu aliyepigana, ambayo kwa kawaida majenerali hawapewi, na ambayo aliitamani kuliko nishani nyingine. Askari wa Merrill nao walikumbukwa na Bunge la Marekani kwa nishani ya dhahabu mwaka 2020, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa.

Habari hizi si za mbali na sisi. Katika mvua za mwaka huo huo wa 1944, keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walishuka bonde la Kabaw katika matope na malaria, wakafika Kalewa kando ya Chindwin mwezi Desemba. Ni mto ule ule aliouvuka Stilwell na watu wake 114. Wazee wale waliujua uzito wa mzigo mgongoni na baridi ya nguo zisizokauka.

Basi ndugu ofisa, kula na askari wako na utembee naye. Lakini jioni, kabla hujatoa amri ya kesho, mwangalie miguu, umwulize daktari, na jibu la daktari ulikubali hata likikuudhi. Na ukiwa umewaahidi mapumziko, yahesabu kuwa deni.