Askofu Frank Weston na Wapagazi

Katika mji wa Dar es Salaam hakuna mtu asiyelijua soko la Kariakoo. Alfajiri, kabla jua halijatoka, wachukuzi huonekana wameinama chini ya magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na matenga ya nyanya, wakiomba njia katikati ya watu. Wanunuzi huwapisha, kisha huwasahau. Walakini jina lenyewe la mahali pale ni ukumbusho wa wachukuzi. Katika vita vikuu vilivyoanza mwaka 1914, Waingereza waliandika kikosi cha wapagazi, nacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Walipoutwaa mji wa Dar es Salaam, mwezi wa Septemba mwaka 1916, wapagazi hao waliwekwa katika uwanja mpana nje ya mji wa zamani, mahali ambapo Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameanza kujenga soko. Watu wa mji wakalichukua jina lile la kigeni, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo.

Habari hizi ni za mtu mwenye elimu kubwa na cheo kikubwa, ambaye katika vita vile alikwenda pamoja na wapagazi. Jina lake Frank Weston, Askofu wa Unguja.

Frank Weston alizaliwa mwaka 1871 upande wa kusini wa mji wa London, katika Uingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya chai. Alisoma katika skuli ya Dulwich, kisha katika chuo kikuu cha Oxford, na mwaka 1893 alishinda mtihani wa elimu ya dini akapata daraja ya kwanza. Mtu wa namna hiyo angaliweza kukaa Oxford maisha yake yote, akifundisha katika vyumba vizuri na kuheshimiwa na wakubwa. Yeye akaenda kufanya kazi katika mtaa wa maskini, upande wa mashariki wa London, na baadaye Westminster. Mwaka 1898 akavuka bahari, akafika Unguja katika kazi ya Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA.

Huko Unguja alianzisha chuo cha kuwafundisha Waafrika kazi ya ukasisi, mahali paitwapo Mazizini. Na tangu mwaka 1901 alikuwa mkuu wa skuli ya Kiungani, ambayo wanafunzi wake walitoka makabila mengi ya bara. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, akafundisha na kuhubiri kwa lugha hiyo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1908 aliwekwa kuwa Askofu wa Unguja, naye umri wake ulikuwa miaka 37. Dayosisi yake wakati ule ilikuwa kubwa: ilikuwa na Unguja na Pemba, na ng'ambo ya bahari ilikuwa na Bonde, na Dar es Salaam, na nchi ya Masasi na Newala karibu na mto Ruvuma.

Mtu mwenye vipawa vingi ana adui mmoja asiyelala, naye ni kiburi. Mjinga hujivunia nguo yake. Mwenye elimu hujivunia akili yake, na ugonjwa huu wa pili ni mgumu zaidi kuponywa, kwa sababu mgonjwa hudhani ya kuwa ni mzima. Frank Weston hakuwa mtu mpole kwa tabia. Akili yake ilikuwa kali, na kalamu yake ilikuwa kali vilevile. Mwaka 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, katika nchi ya Kenya, wakashauriana habari za kushirikiana, na mwishoni wakapokea Ushirika Mtakatifu pamoja. Weston aliona ya kuwa jambo hili linavunja imani ya Kanisa lake. Akawashtaki maaskofu wenziwe wawili, wa Uganda na wa Mombasa, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi huo ukavuma katika Uingereza yote. Yeye aliamini kwa moyo safi kwamba anaitetea kweli. Lakini kuitetea kweli na kuwashinda watu ni mambo mawili yanayofanana sana, na mtu hodari huweza kuanza na la kwanza akaishia katika la pili.

Kabla ugomvi ule haujasahauliwa, vita vikazuka. Bara ilikuwa chini ya Wadachi, na Unguja ilikuwa chini ya Waingereza. Askofu alikuwa Unguja, na watu wake wengi walikuwa ng'ambo. Wamisionari Waingereza wa bara walitiwa kifungoni, na waalimu wengi Waafrika nao walifungwa na kubebeshwa mizigo. Askofu hakuweza kuwafikia.

Vita vya nchi hii havikuwa kama vita vya Ulaya. Barabara zilikuwa chache, na ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la mchele, kila hema na kila chupa ya dawa ilichukuliwa kichwani mwa mtu. Nyuma ya askari mmoja walikuwako wapagazi wengi. Walikwenda katika mvua na matope, wakala unga usioiva vizuri, wakalala bila ya mablanketi ya kutosha. Homa, kuhara na ugonjwa wa mapafu viliwaua kupita risasi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao wakazikwa kando ya njia bila alama yo yote.

Mwaka 1916 Serikali ilitaka wapagazi kutoka Unguja. Watu waliogopa, na sababu ya kuogopa walikuwa nayo. Hapo Askofu Weston alijitoa kuwakusanya watu na kuwaongoza yeye mwenyewe. Jeshi likampa cheo cha meja. Akaweka kando mavazi ya uaskofu, akavaa nguo za kaki, akavuka bahari pamoja na wapagazi wa Unguja mpaka bara.

Cheo cha meja si cheo kidogo, na mtu angaweza kusema ya kuwa askofu alibadili heshima moja kwa nyingine. Lakini kazi yake ilionyesha moyo wake. Hakukaa bandarini akatuma amri. Alikwenda kwa miguu pamoja na watu wake katika safari ndefu na jua kali. Alikuwa mkali wa kanuni, lakini aliyashughulikia mambo ambayo wakubwa wengi waliyaona madogo: chakula cha wapagazi, vidonda vyao, na wagonjwa waliobaki nyuma. Kwa kazi hiyo Mfalme wa Uingereza alimpa nishani. Wapagazi waliorudi walikuwa na habari bora kuliko nishani, kwamba njiani walikuwa na mkubwa aliyeijua njia yao kwa nyayo zake mwenyewe.

Wahenga wanasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyetaka kuyajua mateso ya wapagazi hakuweza kuyajua akiwa juu ya kiti. Weston aliinama, na alichokiona huko chini kilimbadili. Vita vilipokuwa vikiendelea, alikuwa amemwandikia Jenerali Smuts barua iliyochapishwa, akieleza jinsi Wadachi walivyowatendea Waafrika kwa ukatili. Waingereza waliisoma kwa furaha, kwa maana ni rahisi kusikia makosa ya adui. Lakini vita vilipokwisha, Serikali ya Kenya ilitoa maagizo mwaka 1919 kwamba maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya masetla. Weston alijua maana ya neno hilo kuhimiza linapotoka kinywani mwa mwenye amri. Mwaka 1920 akaandika kitabu kidogo, na safari hii aliowalaumu ni watu wa taifa lake mwenyewe. Alishikilia kwamba kumlazimisha Mwafrika afanye kazi kwa faida ya mtu mwingine ni aina ya utumwa, hata likipewa jina zuri. Wengine pia walipaza sauti, na mwaka 1921 Serikali ya London ikawakataza maofisa kuwatafutia masetla vibarua.

Hiki ndicho kiburi ambacho watu wachache hukitambua, yaani kiburi cha taifa. Mtu aweza kuwa mnyenyekevu nyumbani mwake, tena akaamini ya kuwa watu wa kabila lake hawawezi kukosa. Kukiri kosa la watu wako mbele ya ulimwengu ni unyenyekevu mgumu.

Mwaka ule ule wa 1920 maaskofu zaidi ya 250 walikutana katika jumba la Lambeth, London. Wengi walimngojea Weston kwa hofu, wakikumbuka mashtaka ya Kikuyu. Walakini maaskofu walipoandika wito kwa Wakristo wote kutafuta umoja, Weston aliunga mkono. Katika wito huo maaskofu walikiri kwamba Kanisa lao nalo lina sehemu katika hatia ya mafarakano. Imani yake Weston hakuibadili. Lakini aliyekuja zamani kama mshtaki sasa aliketi miongoni mwa wanaoungama. Na alipohutubia mkutano mkubwa wa Wakristo huko London mwaka 1923, aliwakumbusha kwamba kumheshimu Kristo madhabahuni ni bure kwa mtu anayemdharau Kristo katika maskini wa mitaani.

Mwaka 1924 Askofu alikuwa akizitembelea misheni za bara. Jipu likamtoka mwilini, sumu yake ikaingia katika damu. Alikufa Hegongo, karibu na Magila, katika nchi ya Bonde, tarehe 2 Novemba 1924, siku ambayo Kanisa lake huwakumbuka wafu wote. Umri wake ulikuwa miaka 53.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini sura iliyo juu ni ya askari mwenye bunduki. Ukumbusho mkubwa wa wapagazi ni Kariakoo yenyewe.

Wakristo wana sababu ya kuwaheshimu wachukuzi. Injili inasimulia kwamba Bwana Yesu alipoelemewa na msalaba, askari walimkamata mtu aliyekuwa akipita njia, Simoni wa Kirene, mji uliokuwa kaskazini ya Afrika, wakambebesha msalaba kwa nguvu. Mtu yule hakuandikwa kwa hiari yake, kama wapagazi wengi wa vita vile. Lakini hakuna mtu aliyekuwa karibu zaidi na Mwokozi katika njia ile. Na usiku uliotangulia, Bwana mwenyewe aliwaosha wanafunzi wake miguu, kazi ambayo katika nchi ile iliachiwa watumishi.

Frank Weston hakuwa mnyenyekevu kwa sababu alikosa nguvu. Alikuwa nazo nguvu za akili, za neno na za cheo, na zote zingaliweza kumpandisha juu ya watu. Akazitumia kwa ajili ya waliokuwa chini. Mwanafunzi apitaye Kariakoo na vitabu vyake mkononi, akasikia nyuma yake mtu mwenye mzigo akiomba njia, na ampishe kwa adabu, wala asisahau kwamba mahali pale pamepewa jina la watu wa namna ile.