Habari za Maisha ya Michael Faraday, Mjalidi Aliyevisoma Vitabu Alivyovifunga

Watu wanapofanya jubilei huhesabu mambo yanayoonekana: makanisa yaliyojengwa, visima vilivyochimbwa, watoto waliobatizwa. Ni haki kuyahesabu. Lakini liko jambo moja lisilohesabika kwa urahisi, nalo ni kitabu kidogo kilichofika mkononi mwa mtu mwenye kiu ya kujua. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu, katika kurasa hizi chache, maisha ya Bwana Michael Faraday wa Uingereza, ambaye elimu yake ilianza kwa vitabu vya namna hiyo. Wala havikuwa vitabu vya hadithi, bali vya kueleza mambo ya kweli kwa maneno mepesi.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, mahali palipoitwa Newington, upande wa kusini wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, tena mwenye afya mbovu, hata siku nyingine hakuweza kusimama penye fuawe. Mwaka wa 1801 nafaka ilikuwa ghali mno, na mtoto Michael alipewa mkate mmoja tu wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika, na hesabu kidogo, basi.

Alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka wa 1804, alipata kazi ya utarishi kwa Bwana George Riebau, muuza vitabu na mjalidi wa mtaa wa Blandford. Alipeleka magazeti nyumbani kwa watu waliyoyakodi, kisha akarudi kuyachukua ili yapelekwe kwa wengine. Baada ya mwaka mmoja bwana wake akauona uaminifu wake, akamchukua awe mwanafunzi wa kazi kwa miaka 7, wala hakumtoza ada, ingawa ilikuwa desturi kutoza.

Kazi ya mjalidi ni kuzishona kurasa kwa uzi, kuzitia gundi, na kukivika kitabu jalada la ngozi. Wako wengi wafungao vitabu maisha yao yote wasivifungue. Kijana huyu alivifunga mchana, na kazi ilipokwisha akavifungua na kuvisoma. Bwana Riebau hakumkataza, bali alimtia moyo.

Katika vitabu hivyo viwili vilimgeuza. Cha kwanza kilikuwa juzuu la kamusi kubwa ya elimu iitwayo Encyclopaedia Britannica, ambamo alikuta habari za umeme. Cha pili kilikuwa kitabu cha mazungumzo juu ya kemia, yaani elimu ya vitu jinsi vilivyoundwa na vinavyobadilika, nacho kilitungwa na mwanamke, Bibi Jane Marcet. Inafaa tukae kidogo kwa bibi huyu. Alikuwa amekwenda kusikiliza mafundisho ya mtaalamu mkuu, Bwana Humphry Davy, katika chuo kiitwacho Royal Institution huko London, asiyaelewe vema. Ndipo alipozungumza mambo hayo na rafiki, taratibu, na kujaribu vitu kwa mikono, akayafahamu. Akafikiri kwamba wako wengi walio katika hali kama yake. Basi akaandika kitabu, kikatoka mwaka wa 1806, mwalimu mmoja akizungumza na wasichana wawili, nao wakiuliza kila wasilolijua. Hakutia jina lake juu yake. Huenda hakuwaza kwamba kitasomwa na mwana wa mhunzi katika duka la mjalidi.

Lakini Faraday hakuyameza maneno ya kitabu kama mtoto amezavyo uji. Aliweka akiba ya senti zake, akanunua vyombo na dawa chache, akajaribu mwenyewe aliyoyasoma. Alipoona kwamba aliyoweza kuyapima yalikuwa kweli, ndipo akakiamini kitabu. Desturi hii hakuiacha mpaka mwisho wa kazi yake.

Baadaye akaanza kwenda jioni kusikiliza mafundisho ya Bwana Tatum. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, nayo alipewa na kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao. Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kumsikiliza Davy yuyo huyo ambaye Bibi Marcet alikuwa amemsikiliza. Faraday akaandika yote aliyoyasikia, akachora picha za vyombo, akayafunga kwa ustadi wa kazi yake yakawa kitabu, akampelekea Davy. Akajibiwa kwa upole, lakini nafasi ya kazi hakuna; akashauriwa ashike ufundi wake wa majalada. Hata mapema mwaka wa 1813 mtumishi mmoja wa chumba cha majaribio aligombana na mwenziwe, akafukuzwa. Davy akamkumbuka kijana mjalidi. Tarehe 1 Machi 1813 akaandikwa kazi, kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili, makaa ya moto na mishumaa. Wasomaji waikumbuke mishumaa hiyo.

Kazi alizozifanya ni nyingi, nasi tutataja moja tu. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya katika sehemu mbili zisizogusana. Alipopitisha umeme katika waya mmoja, sindano iliyo karibu na waya wa pili ikatikisika mara moja, ikatulia. Alipoukata umeme, ikatikisika tena. Mnamo Oktoba akachukua sumaku, akaiingiza kwa haraka ndani ya waya uliosokotwa, akaitoa. Umeme ukapita katika waya. Mwendo ule mdogo wa mkono ndio asili ya mashine zizaazo umeme kwa kuzungushwa. Hata kule Kidatu, ambako maji ya mto Ruaha Mkuu huzungusha mitambo, kanuni ni ile ile.

Wala asidhani mtu kwamba hakuwa na upungufu. Hakujua hesabu za juu. Aliyaeleza mambo yake kwa maneno na kwa picha, na wataalamu wengine wakayadharau, mpaka alipotokea James Clerk Maxwell akayaandika kwa hesabu, akaonyesha kwamba mjalidi alikuwa ameona sawasawa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tumchague. Tangu mwaka wa 1825 Royal Institution iliweka mafundisho kwa ajili ya vijana wakati wa Krismasi, na mafundisho hayo yanaendelea mpaka leo, isipokuwa yalikatika miaka michache ya vita. Faraday mwenyewe aliyatoa mara 19. Mara ya mwisho, katika Krismasi ya mwaka wa 1860, alichagua kueleza habari za mshumaa kwa mafundisho sita. Bwana William Crookes akayatengeneza yakawa kitabu mwaka wa 1861.

Mtu mkuu namna hiyo aliweza kuonyesha maajabu ya gharama. Akachagua kitu kilichomo katika kila nyumba. Akaeleza kwamba nta ngumu huyeyuka kwa joto la mwali, ikakaa kama ndani ya kikombe. Ukingo wa kikombe hicho hauyeyuki upesi kwa kuwa hewa ipandayo kandokando huupoza. Nta iliyoyeyuka hupanda katika utambi kama maji yapandavyo katika pindo la nguo iliyochovywa. Juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Ukitaka ushahidi, uzime mshumaa kwa upole, kisha ulete kijiti chenye moto karibu na ule moshi mweupe, usiuguse utambi: mwali utaruka na kurudi mahali pake. Nuru ya mshumaa hutoka katika chembe za masizi zilizopata moto mkali. Weka kisahani katikati ya mwali nawe utaziona zimeshika. Chombo cha baridi kikiwekwa juu ya mwali hupata matone ya maji, na hewa itokayo humo huyageuza maji safi ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Nayo pumzi ya mwanadamu huyageuza vivyo hivyo! Ndipo akawaonyesha watoto kwamba chakula huungua ndani yetu polepole, pasipo mwali. Akamaliza kwa kuwatakia wawe nuru kwa jirani zao kama mshumaa ulivyo.

Katika mwenendo wake alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa mzee wa kanisa katika ushirika mdogo wa Wasandemani. Mwaka wa 1844 alitengwa nao kwa majuma machache, akasikitika sana, lakini hakuwaacha, akarudishwa. Alikataa kupewa cheo cha heshima na mfalme, akakataa pia kuwa rais wa Royal Society. Hakujaliwa mtoto na mkewe Sarah, aliyemwoa mwaka wa 1821. Katika uzee kumbukumbu zake zilipungua. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court, na humo akafariki kitini pake tarehe 25 Agosti 1867. Akazikwa Highgate, bila fahari, kama alivyotaka.

Wasomaji wapenzi, sisi tunaofundisha watu wazima jioni tumeona mara nyingi mzee akikificha kitabu chake cha picha mgeni anapoingia, kwa kuwa kimeandikwa kwa maneno mepesi. Nasi twakiri kwamba tulikuwa tukinyamaza, kana kwamba aibu ile ni ya haki. Tangu tuliposoma habari hizi hatunyamazi. Jioni moja tuliuzima mshumaa mbele ya darasa, tukauwasha kwa moshi wake. Bibi mmoja aliyeanza kusoma mwaka ule akataka kuurudia mwenyewe, akaurudia mara nne, na kitabu kikabaki wazi mezani mbele ya watu wote.

Faraday naye hakuona haya. Alipokwisha kuwa mtu wa sifa, kila alipoandika jambo jipya alimpelekea Bibi Marcet nakala, kama mwanafunzi kwa mwalimu wake wa kwanza. Bibi huyo alifariki mwaka wa 1858, akiisha kujua kitabu chake kilifika kwa nani. Sisi tugawao vitabu hatujui hivyo. Kwa hiyo na tuvigawe vyote.