Khabari za Speke, Aliyelihukumu Ziwa kwa Macho Mabovu

Mtu asimamaye Kigongo, katika nchi ya Mwanza, akatazama maji hata ng'ambo ya Busisi, jicho lake humwambia kuwa ule ni mto mpana. Upana wake ni kiasi cha kilomita 3, kingo zote mbili zaonekana wazi, na tangu mwaka 2025 daraja limeyavuka maji hayo. Kumbe si mto. Ni mkono wa ziwa ambalo urefu wake wapita kilomita 300. Jicho halikusema uwongo, kwani liliona maji na kingo mbili, na hivyo ndivyo ilivyo. Iliyokosa ni akili, iliyokata hukumu kabla ushahidi haujatimia. Al-Hasan ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alilibainisha jambo hili katika Kitab al-Manazir: sehemu kubwa ya tuitayo kuona ni hukumu ya akili, ipitayo upesi hata mwenyewe asiitambue. Kwa sababu hiyo mwezi uchomozao huonekana mkubwa, hali haukuongezeka hata kidogo.

Kando ya ghuba hiyo, upande wa mashariki iliko Kigongo, alipita John Hanning Speke, Mwingereza. Alizaliwa Devon tarehe 4 Mei 1827, akaingia jeshi la Kampuni ya Bara Hindi mwaka 1844. Mwaka 1855 alikuwa Berbera pamoja na Richard Burton. Wakashambuliwa usiku, Speke akakamatwa, akachomwa mikuki, akaponyoka na majeraha yake. Mwezi wa Juni 1857 wawili hao wakaondoka pwani kwenda bara na wapagazi na askari. Miongoni mwao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa Bara Hindi. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Karibu kila khabari ilimfikia kwa ulimi wa Bombay, katika Kihindi. Neno hili lafaa kukumbukwa.

Huko Kazeh, ndiyo Tabora, walikaribishwa na Sheikh Snay bin Amir, mtu wa ukarimu na mwenye kuzijua njia za bara. Kwake walipata khabari kuwa kaskazini liko ziwa kubwa kuliko la Ujiji.

Wanazuoni wa itikadi wamesema njia za kujua ni tatu: hisia zilizo salama, khabari ya kweli, na akili. Sharti lao la usalama wa hisia halikuwekwa bure. Walipofika Tanganyika, Februari 1858, Speke alikuwa na maradhi ya macho makali hata alikaribia upofu. Burton alifurahi kwa uzuri wa ziwa lile. Mwenzake alikuwa mbele ya maji yale yale, na hakuona ila ukungu na mng'aro. Mwezi uliofuata, akivuka kwa mtumbwi, dhoruba ilimlaza kisiwani, na usiku mende akaingia sikioni mwake. Alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikufaa kitu. Akachokoa kwa kisu cha mfukoni, akamwua mdudu na kujijeruhi ndani. Usaha ukakusanya, uso ukavimba, na sikio lile likawa kiziwi kwa miezi. Mtu wa hali hiyo ndiye aliyeuliza khabari za mto Ruzizi! Akarudi amefahamu kuwa mto unatoka ziwani kwenda kaskazini. Walipofika Uvira, mwezi wa Aprili, wenyeji wakawaambia kuwa mto unaingia ziwani, na hiyo ndiyo kweli.

Julai Burton alibaki Kazeh akiwa mgonjwa, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Mwishoni mwa mwezi walifikia ncha ya ghuba, wakaifuata. Na tarehe 3 Agosti 1858, mwishoni mwa mwaka 1274 wa Hijra, akapanda kilima cha Mwanza, akaliona ziwa limetandaa. Macho yake hayakuwa yamepona sawasawa, wala hakupata chombo cha kulizunguka. Majita, ambayo ni bara yenye mlima, aliidhani kisiwa. Mwenyeji mmoja aliyesafiri sana, alipoulizwa mwisho wa maji, alirusha mkono kuelekea kaskazini kuonyesha kuwa hayapimiki. Speke akapima joto la maji yachemkayo ili ajue kimo cha mahali, akaona ni juu sana kuliko Tanganyika. Akakata neno kuwa hapa ndipo Nili itokapo. Alikaa siku tatu, akarudi.

Burton hakusadiki. Na kwa insafu, hoja yake ilikuwa na nguvu: mtu ameona pembe moja ya ziwa, amelihukumu lote. Hata kipimo chao kilikuwa na kasoro, kwani Tanganyika waliiandika chini sana kuliko ilivyo. Lakini Burton naye alipungukiwa upande wa pili, maana khabari za wafanya biashara, zilizokuja kwa njia nyingi na kuafikiana, hakuzipa uzito wake. Speke alizichukua, akaziunga na kidogo alichokiona na alichokipima.

Akarudi mwaka 1860 pamoja na James Grant, na Bombay tena. Tarehe 28 Julai 1862 akayaona maji yakitoka ziwani penye maporomoko ya Jinja. Hakuufuata mto hatua kwa hatua mpaka Misri, basi ugomvi haukukoma. Ikapangwa wajadiliane mbele ya watu mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke alitoka kuwinda, akauruka ukuta mfupi wa mawe, bunduki ikalia ikampiga kifuani. Alikuwa na umri wa miaka 37. Baraza la uchunguzi lilihukumu kuwa ni ajali.

Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akalikuta ni moja, kama Speke alivyosema. Mwaka uliofuata chama cha wanajiografia cha London kilimpa Bombay pensheni, naye akaila mpaka alipokufa mwaka 1885.