Mtakatifu Yustino, Mpenda Hekima

Yustino alizaliwa Palestina yapata mwaka 100, mtoto wa wapagani. Akitafuta utulivu wa moyo, aliwafuata wenye hekima wa Kiyunani. Mwalimu wa kwanza, wa chama cha Stoa, hakumweleza habari za Mungu. Wa pili alidai fedha. Wafuasi wa Plato walimwinua kidogo. Ndipo mzee mmoja, karibu na bahari, akamwelekeza kwa Kristu. Akabatizwa, akafundisha Roma. Yapata mwaka 165 liwali Rustiko, naye mfuasi wa Stoa, alimwamuru aitambikie miungu. Alikataa kwa utulivu, akakatwa kichwa. Mashahidi wetu wa Baraka na Fizi, waliouawa tarehe 28 Novemba 1964, walishika imani iyo hiyo. Enyi wakatekumeni, amani ya kweli hainunuliwi. Huombwa kwa Mungu.