Albrecht Dürer, Mchora Nyuso

Albrecht Dürer alizaliwa mwaka 1471 katika mji wa Nürnberg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, akamfundisha mwanawe kazi hiyo. Mwaka 1484, akiwa na umri wa miaka 13, mtoto huyo aliketi mbele ya kioo akachora uso wake mwenyewe. Siku zile kalamu ya risasi ilikuwa haijajulikana huko. Alitumia kijiti chenye ncha ya fedha, ambacho mstari wake haufutiki. Kwa hiyo ilimpasa kutazama kwanza, ndipo achore. Picha hiyo ingali imetunzwa mjini Vienna.

Mwaka 1496 alimchora Friedrich, mtawala wa Saksonia, yule aliyemlinda Luther baadaye. Lakini mwezi wa Machi 1514 alitwaa mkaa akamchora mama yake, Barbara, aliyekuwa mgonjwa. Mama huyo alikuwa amezaa watoto 18, akazika walio wengi. Mwanawe hakumpamba: alionyesha makunyanzi ya paji, mashavu yaliyobonyea, na mishipa ya shingo. Baada ya miezi miwili mama akafariki.

Mwaka 1526 alichora katika bamba la shaba uso wa Philipp Melanchthon, rafiki yake Luther. Chini yake alikiri ya kuwa mkono wake uliiweza sura, bali akili ya mtu yule haukuiweza. Dürer alifariki mwaka 1528.

Basi, msomaji wa Bariadi, ukiwa na kioo na kalamu ya risasi, fanya kama mtoto yule: tazama sana, kisha uchore kama kwamba mstari haufutiki.