Leonhard Euler, Kipofu Aliyeziona Nambari

Mwaka jana nilinakili jibu la hesabu kutoka kwa bingwa wa darasa letu. Sikulikagua. Kumbe naye alikuwa amekosea, na sote wawili tukapata sufuri! Tangu siku hiyo nimempenda sana marehemu Leonhard Euler.

Euler alizaliwa mwaka wa 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mhubiri na alitaka mwanawe afuate njia hiyo, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye hesabu. Mwaka wa 1727 akafunga safari hadi St Petersburg, Urusi, kufanya kazi na wanasayansi wa huko.

Wakati huo Fermat, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1665, aliheshimiwa mno. Fermat aliamini hivi: zidisha 2 kwa 2 upate 4, kisha 4 kwa 4 upate 16, uendelee vivyo hivyo. Kila jibu ukiliongeza 1, utapata nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kweli, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Je, nani angembishia mzee kama huyo?

Euler hakubisha kwa mdomo, alipiga hesabu. Mwaka wa 1732 alionyesha kuwa nambari hiyo ni 641 mara 6,700,417. Fermat alikosea! Baadaye Euler alithibitisha kuwa kigawanyo chochote cha nambari hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi kabla ya kufika 641 kuna nambari tasa nne tu za kujaribu: 193, 257, 449 na 577.

Hata mimi nilizidisha kwa kalamu. Nilikosea mara mbili, ya tatu ikakubali.

Masaibu hayakumwacha. Jicho lake la kulia liliharibika angali kijana, na aliporudi Urusi mwaka wa 1766 baada ya miaka 25 mjini Berlin, hakukawia kupofuka kabisa. Hakufa moyo. Alikokotoa kichwani, wasaidizi wakaandika. Mwaka wa 1772, akiwa kipofu, alitangaza kuwa 2,147,483,647 ni tasa. Alifariki mwaka wa 1783.

Wenzangu, tuwaheshimu mabingwa, lakini majibu yao tuyakague. Mimi sinakili tena.