Tharia Topan: tajiri aliyetaka kuacha hospitali Unguja

Leo naomba niache siasa kidogo.

Kuna lile jengo la roshani za mbao na vioo vya rangi, ukitoka geti la bandari kuelekea Mti Mkubwa. Mimi miaka yote nikidhani ni hoteli, nikaona aibu siku mgeni aliponiuliza. Kumbe ilikuwa iwe hospitali!

Mwenyewe ni Tharia Topan, Khoja Ismailia wa Kutch, India. Alifika Unguja akiwa mtoto bado, hana kitu, akaanza kazi kwenye nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, waliokuwa wameshika forodha ya Sultani. Akapanda mpaka miaka ya 1870 forodha ikawa mkononi mwake, akawa mtu wa karibu wa Seyyid Barghash. Stanley alipokuja 1874 kujiandaa kwenda bara, huyu alikuwa mmoja wa waliomsaidia.

Sasa hapa wadau tusifichane. Pesa zake nyingi zilitoka kwenye pembe za ndovu. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara, na Tippu Tip mwenyewe kamtaja kwenye kitabu cha maisha yake. Misafara ile tunaijua: pembe zilibebwa na watu, na wengine walikuwa watumwa. Kwa hiyo mimi nikilitazama lile jengo moyo unagawanyika. Zuri, lakini lina deni.

Mwaka 1887, Malkia Victoria akitimiza miaka 50 ya utawala, Topan akaanza kulijenga kama zawadi, hospitali ya watu wa mji. Baadaye Waingereza wakampa cheo cha Sir. Mwaka 1891 akafariki Bombay, jengo halijaisha. Mjane wake akaendelea nalo, likamalizika 1894, lakini hospitali haikuwa. Mwaka 1900 likauzwa, chini ikawekwa dispensari na juu wakakaa watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likachakaa vibaya, mpaka miaka ya 1990 shirika la Aga Khan likalitengeneza.

Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Mwaka 1983 jumuiya yake hiyo hiyo ya Ismailia, chini ya Aga Khan, ilianzisha Karachi chuo kikuu cha madaktari na wauguzi, ambacho leo kina matawi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Huku kwetu wanaosomea afya wanakwenda Mbweni, skuli ya SUZA. Topan yeye hata wodi moja hakuiona.

Mwenye bibi au babu aliyewahi kutibiwa pale dispensari, naomba aandike hapo chini alipewa dawa gani na kama alilipa.